Bakuli la Pili

Wiki nzima nilimwita jeuri.
Maji namwekea ubavuni mwa dagaa,
maji ya dumu, ya kununua, Ipagala hii ya vumbi,
naye Kipupwe anayapita,
anakwenda kulamba tone la mwisho la koki.

Sechelela wa jirani akacheka:
"Wewe ungekunywa penye shombo?"

Nikalihamishia bakuli kule chini ya mzabibu.
Usiku nikasikia ulimi
ukichapa maji, ukichapa, bila haraka.

Asubuhi kaniletea nusu mjusi,
kamlaza juu ya kandambili yangu ya kushoto,
mkia wima kama mwiko katika ugali wa uwele.
Safari hii sikurusha kitu.
Nilimtazama, nikafumba macho taratibu.
Akafumba yake.

Kandambili nimeiosha mara mbili.
Bado inanuka.