Kabari

Bi Doreen Haxby amefundisha udereva Grimsby miaka thelathini na mmoja,
na kando ya gia ana mkebe wa peremende asizompa mtu.
Desemba, saa kumi na moja jioni, giza lilikwisha ingia kitambo.
"Kioo," asema. "Ishara. Ndipo ugeuze."
Kioo kwanza. Siku zote kioo kwanza,
kana kwamba aliye nyuma ndiye mwenye barabara.

Njia ya bandarini, lori la samaki likatuganda mgongoni,
taa zake zikajaa kiooni, zikanimwagikia machoni
kama mtu anayedai.
Nikafumba jicho moja. "Usifumbe,"
akanyoosha kidole, akasukuma kilimi cha plastiki chini ya kioo:
tak.
Lori likawa pale pale,
taa mbili hafifu, punje mbili za mahindi.

Kwenye maegesho ya duka la vigae akazima injini,
akatoa chini ya kiti kioo kikuukuu kilichong'oka fremu.
"Papasa kingo."
Ukingo mmoja mnene, wa pili mwembamba.
Kabari! Kama ya kupasulia kuni, ila ya kioo.
Mgongo umepakwa fedha, uso ni mtupu,
na viwili hivyo havitazami upande mmoja.
Mchana fedha hukuletea kila kitu.
Usiku ukikiinamisha, fedha hurusha mwanga wake juu, darini,
na kinachokufikia ni kile kidogo kinachorudishwa na uso mtupu,
sehemu nne hivi katika mia.

"Kwa hiyo lori halijapungua?"
"Lori ni lile lile. Kilichopungua ni kukupofusha."

Nina jumbe kumi na moja za sauti kutoka kwa kaka yangu Mhina,
sijafungua hata mmoja tangu matanga ya baba.
Kiwanja cha Korogwe, hati, nani alitia sahihi wapi.
Nilidhani njia ni mbili tu:
kutazama nipofuke,
au kukipindua kioo kabisa kitazame kiti.

Tulipoondoka, lori jingine likatufuata.
Sikungoja kuambiwa. Tak.
Kisha, kosa langu, nikainua macho:
juu ya kitambaa kilichochakaa cha dari
mwanga wote ule umetua,
unatikisika kidogo kila tukipita shimo,
haujaenda popote.

"Barabara, binti," akasema Bi Haxby. "Barabara."