Ngazi ya Ndani

Wilson, saa moja na robo asubuhi.
Rubani yuko tayari, mafuta yamejaa,
sisi kumi na tisa tumefunga mikanda
kama watoto wa darasa la kwanza.
Ngazi ndiyo haijawa tayari.

Tuliambiwa ndege hii haimwombi mtu:
hubeba ngazi yake yenyewe,
ikatua Mandera, ikatua Lodwar,
ikashusha watu palipo na vumbi tupu.
Leo imetoa ulimi, haurudi kinywani.

Fundi Wakesho amepiga goti kwenye lami,
tochi menoni, grisi hadi kiwikoni.
Anaibembeleza, anaitukana kwa Kidawida,
anaibembeleza tena.

“Ni swichi tu. Kidude hiki
kinadhani ngazi imeshaingia.”

Nami nina keki ya harusi mapajani,
sukari inaanza kutoa jasho.
Huko Lodwar dada yangu anatazama saa.

Ng'ambo ya ua, upande wa Lang'ata,
korongo anaruka
bila kuaga, bila ngazi.

Saa nne. Mlango: ko!
Tunapiga makofi. Wakesho hatazami juu.
Dirishani namwona akiinama,
anaokota skrubu karibu na gurudumu,
anaigeuzageuza,
anaitia mfukoni.