Jino la Sita

Mama amewaambia watu: jino.
Rajabu jino, Shaabani jino,
Ramadhani tukaruka, nani hung'oa jino na saumu?
Mfunguo Mosi tukalipa deni, mawili kwa mpigo.
Mfunguo Pili jingine.
Shangazi Zuweina akapiga simu kutoka Ibra:
"Mtoto ana meno mangapi huyo?"

Leo la sita.
Kaka Nabhan hunishusha Al Khuwair mbele ya duka la miwani,
hazimi gari, hainui macho ghorofa ya pili.
"Ukimaliza nipigie,"
na anakwenda kunywa chai ya karaki
kama mtu asiyemjua anayemsubiri.

Juu, viti vimepangwa visitazamane.
Kiyoyozi kinapuliza kama kina kisa na sisi.
Wanne tumevaa miwani ya jua
ndani ya nyumba.

Karatasi ni ya Kiarabu,
maswali ishirini na kitu, kila swali visanduku vitano.
Wanataka kujua maisha yangu yana ubora gani.
Ubora.
Neno hilo nimezoea kulisikia kwenye mchele,
kwenye tende, baba akizibonyeza kwa kidole gumba
kabla hajauliza bei.

Nyumbani hatuna visanduku vitano.
Nyumbani ni hujambo, na jawabu limo ndani ya swali:
sijambo.
Hata aliyefiwa husema hatujambo,
akavuta pumzi,
ndipo akasema, ila.
Mimi miaka miwili naishi hapo,
baina ya sijambo na ila.

*Unalala vizuri?*
Usingizi haunipitii. Hupita, naam, nausikia ukumbini,
unampitia mama, unampitia Nabhan,
mlangoni kwangu hausemi hata hodi.
Sanduku la kwanza.

*Fedha zinakutosha?*
Baba hunipa.
Shahada ya uhandisi iko kabatini chini ya mashuka.
Sijui kama kupewa ni kutosha.
La tatu, nusu haya.

*Unafurahia maisha?*
Juzi nilisimama mlango wa jikoni,
mama anakuna nazi ya Salala, anagombana na mbuzi,
nikataka kucheka. Nusura.
Hilo liandikwe wapi?

*Unatumia dawa?*
Kidonge kimoja cheupe, asubuhi.
Na kombe la zafarani, usiku, mama akinishikia sahani.
Sijavigombanisha.
Vyote viwili navimeza kwa bismillahi.

*Umeridhika na watu wako?*
Hapa kalamu imesimama.
Wananipenda, lakini wananipenda kwa sauti ya chini,
madirisha yamefungwa.

Mlango ukafunguka.
Kijana wa tano mwenye miwani ya jua,
kanzu imepigwa pasi hadi inakata,
akatafuta kiti cha pembeni kabisa, akanikuta mimi.
Muhenna. Wa Shangazi Zuweina.
Wa Ibra, mwendo wa saa moja na nusu.

Tukatazamana, miwani kwa miwani.
"Jino?"
"Jino. Na wewe?"
"Jino."
"La ngapi?"
"La tisa."

Sikukicheka kicheko hicho, kilinicheka.
Kilitoka puani, kikamwamsha bwana aliyesinzia,
muuguzi akachungulia.
Muhenna amevua miwani anapangusa macho kwa ncha ya kilemba,
na shangazi yuko Ibra anahesabu meno yangu.

Alipotulia akaniuliza, chini chini:
"Huko ndani, linauma?"
Nikafikiri.
"Ganzi haiumi," nikamwambia.
"Kinachouma ni ganzi ikianza kutoka."
Akatikisa kichwa. Hakuandika popote.

Nikaitwa kwa jina kamili,
Shinuna binti Saif, mbele za watu, na paa halikuanguka.
Swali la watu wako nililiacha wazi.

Saa nzima baadaye, ngazini, simu.
Mama. Anajua, tena anajua kuliko wote,
lakini jikoni kuna wageni.
"Enhe, limetoka?"
Chini Nabhan amezima gari.
Amesimama nje juani na glasi mbili za karaki,
anaangalia juu.
"Bado, mama," nikasema.
"Ila linacheza."