Daftari la Msongola

Mama Mkuu mpya wa Kurasini, mzaliwa wa Matombo,
huandika Kiswahili kilichopigwa pasi.
Barua yake ililala siku tatu kwa paroko,
ikatufikia mfukoni mwa muuza mihogo,
imelowa jasho, stempu imeanza kubanduka.

Macho ya Sista Adelgunda yalikwisha ingia ukungu.
Akaniita mimi, mwana wa Chausiku mpika uji,
mchemsha sindano, mhesabu pamba:
"Shomvi, nisomee."

Nikasoma. Miaka ishirini na sita, tafadhali jaza:
waliobatizwa, ndoa, wanafunzi wa dini.
Shirika lingependa kujua
kama kituo kinastahili gharama.

"Andika kumi na mmoja."
"Sista, wawili walirudi kwao."
"Basi tisa. Tusimwongopee Mama Mkuu."

Kiswahili chake hakukipata darasani.
Alikiokota wodini, vinywani mwa wanawake wenye uchungu,
akajua "nakufa" kabla ya "hodi",
akajua "sukuma" kabla ya "neema".
Ndiyo maana siku ya sikukuu, mbele ya mapadre wa mjini,
alipoombwa aongoze sala, alifumba macho akasema:
"Bwana, usibane. Pumua.
Sukuma kidogo tu, kichwa nakiona."
Mapadre walikohoa ndani ya vitambaa.
Sisi wana wa madrasa tuliokuwa tumening'inia dirishani
hatukucheka.
Ni maneno hayo hayo, kwa sauti hiyo hiyo,
yaliyotuleta duniani.

Mwaka wa foleni za sabuni
mama alimfundisha kuchuja jivu la makumbi,
akafua shuka hadi vidole vikachubuka.
Mwaka Mto Mzinga ulipokula daraja
alivuka mkoba kichwani, kanzu ameikunja kiunoni,
Mzee Pazi nyuma yake akipiga kelele:
"Astaghfirullahi, Sista, miguu hiyo!"
Naye, maji kifuani: "Mtoto hanisubiri kwa ajili ya miguu."

Lakini pacha wa Mwamvua aliwakosa wote wawili.
Siku ile hakuomba.
Aliosha ndoo, akaimwaga, akaiosha tena,
ndoo ambayo haikuwa na kosa.
Maalim Kondo alikuja na ubani kwenye kipande cha gazeti,
akaketi kizingitini upande wa pili,
na hakuna aliyemweleza mwenzake habari za Mungu
mpaka taa ya chemli ikaishiwa mafuta.

Nikauliza: "Hapa penye gharama, niandike nini?"
Alikuwa anapapasa mchele, anatoa mawe kwa ncha za vidole.
"Andika sabuni imekwisha."
Nikaandika. Tisa, na sabuni imekwisha.
Akatia sahihi pembeni kabisa, nusu yake mezani.

Walimchukua kabla ya mvua za vuli.
Aliniachia ufunguo wa kabati na saa isiyotembea,
akasema nisiwape watoto wachezee mizani.
Pale sasa pana kituo cha serikali, bati la buluu,
muuguzi kijana anayeandika kwa kompyuta.
Ndiye aliyeniita juzi: kuna madaftari, mchwa wanayamaliza,
njoo uone kama yana kazi.

Niliyafungua uani, juu ya mkeka.
Elfu mbili, mia tatu na kumi na wanane.
Jina la mama, kijiji, tarehe,
na safu moja iliyochapwa kiwandani: DINI.
Hapo, kwa mwandiko wake ulioegemea kushoto,
mstari baada ya mstari, Sista alijaza:
kilo tatu.
Kilo mbili na nusu, ana nywele nyingi.
Ananyonya vizuri.
Kilo tatu na robo, ana hasira.

Nilitafuta jina la mama kwa kidole, nikalipata
chini ya ukurasa, mchwa wamekula kijiji.
Chausiku binti Mtoro. Mwanamume.
Kilo mbili. Halii.

Kisha, kwa wino mwingine:
analia.