Ukuta ni Mmoja

Miaka arobaini na moja nimezibua mabomba ya mji wa Ruse,
kuanzia maghorofa ya Druzhba hadi jikoni za wajane
wanaochungulia Danubi kwenye pazia la lesi.
Najua chokaa inavyoingia: haipigi hodi.
Huja na maji ya chai, tone kwa tone,
inajibandika, inakaa kitako,
hata bomba la inchi moja likawa tundu la sindano.

Kwa hiyo Daktari Hristova aliponigeuzia skrini
nikaona mshipa wangu mwenyewe, umebana katikati,
sikuhitaji mkalimani.
Nilicheka. Yeye hakucheka.

Lakini mimi nilikuja kwa jambo jingine.
Tangu mavuno ya zabibu moyo wangu umekosa mizani:
mapigo matatu ya pupa,
kimya, kama mtu aliyesahau jina la mgeni wake,
halafu teke moja la mbuzi ndani ya gunia.
Penka alilaza sikio kifuani pangu usiku, akasema,
"Radoslav, humu mna mpiga ngoma mlevi."

Hiyo ni kazi ya umeme, nikamwambia daktari.
Bomba ni bomba, waya ni waya.
Mimi na shemeji yangu Tsvyatko, fundi umeme,
tuligombana katika kila jengo
nani atangulie kutoboa,
na kila mtu alikula mkate wake peke yake.

"Ukuta ni mmoja," alisema daktari.
"Msuli wa moyo usionyweshwa damu ya kutosha
huchoka, huota makovu,
na umeme ukifika kwenye kovu hupotea njia.
Nao moyo unaokwenda mbio ovyo
hudai damu zaidi kupitia mshipa uleule uliobana.
Presha na umri hubomoa pande zote mbili.
Sisemi hiki kimezaa kile.
Nasema nikikuta kimoja kwa mtu wa miaka sabini na nne,
natafuta na cha pili."

Ndipo nikaikumbuka ile ghorofa ya tatu.
Taa zilikonyeza majira yote ya baridi.
Tsvyatko alibadilisha swichi, akabadilisha fyuzi,
akanitukana mbele ya mafundi.
Nami nikaapa kwa kaburi la mama bomba langu ni kavu.
Ufa tuliuona.
Hakuna aliyeupapasa.

Jioni nilipanda ngazi zake polepole,
dawa ya kulainisha damu mfukoni,
nikipumzika kila kituo kama mzigo wa mtu mwingine.
Alifungua. Amekuwa mdogo.
Nikasema, maji yale yalikuwa yangu.

Hakujibu. Alinishika kifundo cha mkono
kwa vidole viwili, jinsi alivyokuwa akipima waya,
akahesabu,
akapotea,
akaanza upya.