Honi ya Konokono

Tangu waliponikata shingo wakatoa tezi
sauti yangu haikurudi nami kutoka Unguja.
Ilibaki kule, kwenye beseni la chuma,
au ilipanda meli nyengine ikashukia kwengine.

Na mie ndiye niliyekuwa nikiita kutoka gatini Wete
watu wakaapa kwamba Fundo wamenisikia.

Sasa nina boti ya faiba, mashine ya farasi kumi na tano,
na pumzi inayonitoka kama tairi la baiskeli.
Mwezi uliopita, alfajiri ya mvua,
nusura nimpande Asaa na kidau chake cha pweza.
Nilifungua kinywa. Kinywa kilifunguka tu.
Alinitukana mpaka akachoka,
kisha akasema: "Mgeni, tia honi,
au waandikie wanangu urithi kabisa."

Dukani kwa Shaame, nyuma ya soko,
honi zimepangwa kama mikate.
Hii ya pikipiki: inalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu,
upepo utaimeza kabla haijafika omo.
Hii ya kopo la gesi: kali, haitaki waya,
lakini mwisho wa kopo ndio mwisho wa neno,
na mie nimeshaishiwa mara moja.
Hii ya tarumbeta mbili, ya lori la mawe:
Shaame aliibonyeza, muuza ndizi akaangusha mzani,
mwalimu wa chuo akatoka na bakora.
Inakula betri, tena inataka kompresa kubwa kama boga.
"Bi Mgeni, kwani unaita Mombasa?"

Nikamwonyesha ile iliyojikunja,
nyeusi, mdomo mpana, mkia ndani ya mkia.
Nikaandika nyuma ya risiti: Hii ina moyo?
Akasoma, akacheka. "Desibeli mia na kumi na nane."
Sikujua desibeli ni nini. Bei niliijua.
Nikaipunguza kwa vidole;
watu huona haya kubishana na asiye na sauti.

Tuliifunga Jumatatu, maji yamekupwa, boti imelala ubavu.
Mjukuu wangu Khatibu alishika drili
kama aliyeshika ndege, anaogopa itaruka.
Nikampiga kikofi: pima kwanza.
Mdomo utazame mbele, uiname kidogo,
maji ya chumvi yakiingia yapate kutoka.
Bolti za stenlesi, si za chuma;
za chuma zitalia machozi mekundu
mpaka kwenye jina la boti, na rangi niliinunua kwa deni.
Silikoni kila tundu. Waya mnene kutoka betri,
fyuzi yake katikati, rilei chini ya kiti, pakavu,
swichi yenye kofia ya mpira karibu na goti la kulia,
maana mkono wa kushoto ni wa mashine.

Khatibu alikosea waya mara mbili.
Mara ya tatu nikabonyeza.

Sitasema ilikuwa nzuri.
Kunguru wote wa mikandaani waliruka.
Asaa, kule kinani, aliinua kafi juu kunitishia,
halafu, nadhani, kunisalimu.
Na mie nilikaa, dole gumba juu ya mpira,
nikalisikia lile "Eee!" langu la zamani
likitoka kwa mwengine.

Ina neno moja tu honi hii.
Haijui "pole." Haijui "njoo ule, wali unapoa."
Haiwezi kumwambia Khatibu apenge kamasi.
Hayo bado ni yangu, ya pumzi tupu,
na anayeyataka lazima asogee
mpaka nywele zake ziguse kidevu changu.

Jana, tukirudi, aliniuliza kitu, sikumbuki nini.
Nikazima mashine.
Akaleta sikio.