Mchicha Wenye Matundu

Msimu ule Nalinga aliporudi na bomba la salfa mgongoni
kope zake zilikuwa njano, njano ya ua la boga,
akakohoa mpaka kuku wakashuka mtini.
"Sipulizi tena. Mikorosho itafute mgongo mwingine."
Kisha akauliza kuna nini nyuma ya choo.

Nyuma ya choo kulikuwa na mchanga.
Chikongola yote ni mchanga: ukimwaga maji
unayasikia yakienda zake bila kuaga.
Hatua nane kwa tano, ukuta wa Bi Somoe,
kandambili moja isiyo na mwenzake.

Tukaanza kuokota taka kama wendawazimu:
maganda ya ndizi, machicha ya nazi, majani ya chai,
makapi ya mabibo kutoka kwa wakamua uraka,
samadi ya mbuzi niliyoibeba kichwani toka Magomeni,
watoto nyuma yangu wameziba pua.
Lundo likapata joto.
Asubuhi moja nilitia mkono ndani, nikauchomoa upesi,
kama niliyegusa paji la mgonjwa.

Magunia ya korosho, yale yenye namba za chama,
tukayajaza, tukayapanga foleni.
Nikapanda mchicha, bamia, miche mitatu ya nyanya.
Mnavu ulijiotea wenyewe,
wageni wakausifu, nami nikaitikia ahsante.

Siku ya kumi na moja kuku wa Bi Somoe waliruka ukuta.
Hilo silisimulii.

Tukapanda upya. Wakaja vidukari,
weusi, wamebanana chini ya jani
kama irabu za juzuu.
Nilimwona Nalinga akilitazama lile bomba
pale lilipotundikwa, chini ya dari.
Alilitazama kitambo.
Halafu akaenda kutwanga mwarobaini,
pilipili kichaa, kitunguu saumu,
akachuja kwa kanga yangu, ile ya idi,
ambayo hadi leo nikijifuta nayo uso nalia bila msiba.

Nusu ya vidukari wakafa.
Nusu wakazoea.
Kilichobaki tukagawana.

Juzi nilipeleka mafungu sita sokoni.
Dada mmoja wa miwani akafunua jani,
akaliinua juani: "Mama, mbona limetoboka?"
Nikamwambia, mwonjaji amekutangulia,
na hakuna aliyemzika.
Akacheka. Akachukua mawili.
Manne nikarudi nayo: matatu chunguni,
moja nikalipitisha juu ya ukuta
kwa Bi Somoe, maana mbolea ya kuku wake,
tuseme ukweli,
tulikuwa tukiizoa kabla hajaamka.

Usiku nasikia Nalinga yuko nje na tochi.
Anaokota viwavi kwa vidole, kimoja kimoja,
anavitia kwenye kopo la maziwa.
Anakohoa, si kama mwaka jana.
Kumi na vitatu, anasema. Kumi na vinne.
Halafu kikohozi kinamkata hesabu,
naye anaanza upya, moja.